Shomoro wa Tano



Katika Injili Takatifu mna hesabu moja ndogo ya sokoni ambayo wengi wetu tumeisikia kanisani mara nyingi bila kuifikiri. Mtakatifu Mateo aandika kwamba Bwana wetu, alipokuwa akiwatia mitume moyo, alitaja bei ya shomoro: wawili kwa sarafu moja. Mtakatifu Luka naye ataja bei yao, lakini kwake ni watano kwa sarafu mbili. Mtoto wa darasa la pili ataona mara moja kwamba hapa kuna jambo. Ikiwa wawili ni sarafu moja, wanne ni sarafu mbili. Na huyu wa tano je? Huyu ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi bure, kama mama muuza nyanya aongezavyo moja juu ya fungu ili mteja arudi kesho. Wa tano hana bei hata ya senti. Lakini Bwana atufundisha kwamba Mungu anawakumbuka wote watano, na kwa hiyo anamkumbuka hata huyo wa nyongeza.

Jambo tutakalosema juma hili litaonekana dogo machoni pa wengi. Ni juu ya vindege vidogo vya mijini, na vichaka na miti ya asili iliyo nyumba yao, na juu ya watu wanaojitolea kuwarudishia nyumba hiyo. Twalianzia Tabora, kwa kuwa Tabora yajua kuliko miji mingi maana ya kiumbe kutiwa bei.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo kupitia Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, na kutoka huko ikateremka hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya Wanyamwezi, wapagazi hodari wa njia ile. Nguo, shanga na nyaya zikapanda bara. Pamoja na pembe walishuka binadamu, wamefungwa kongwa na minyororo, nao walihesabiwa bei kwa vipande vya nguo. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika wa kwanza waliishika njia hiyo, na mmoja wao, Padre Pascal, alikufa kabla ya kuiona Tabora. Miaka kumi baadaye akaishika Adrian Atiman, aliyekuwa ameibiwa utotoni katika nchi iitwayo leo Mali, akauzwa, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga huko Malta, naye akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu mtakatifu kama huyo naye aliwahi kuwa na bei.

Twayasema haya si kwa kuwalinganisha binadamu na ndege. Bwana mwenyewe, katika maneno yale yale, alifundisha kwamba mtu apita shomoro wengi. Twayasema kwa sababu ugonjwa wa moyo ni ule ule: kukitazama kiumbe cha Mungu na kuuliza kwanza kitaleta faida gani, na kama hakileti, kukifyeka.

Basi twende Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Alikaa pale miezi mingi, mgonjwa na mpweke, na katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku aliandika, kati ya mambo makubwa ya safari na utumwa, habari za jamaa moja ya vindege. Walikuwa kumi: baba, mama na makinda wanane, nao walizoea kuja kwenye mikomamanga iliyokuwa uwanjani. Makinda wamekwisha kuota mabawa, lakini bado wapiga kelele kudai chakula. Mama ndiye aliyewalisha zaidi. Baba, mwenye kifua chekundu, alimpa mmoja au wawili kisha akawafukuza waliobaki. Msomaji mwenye watoto wengi atacheka, maana nyumba hii aijua. Nasi hupendezwa kila tukumbukapo kwamba mzee yule, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi, aliona wakati wa kuwahesabu makinda wanane.

Mkomamanga si mti wa Unyamwezi, waliuleta Waarabu. Mwembe nao si wa Unyamwezi. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, nao ulisambaa kwa njia ya misafara, hata leo miembe mikubwa imesimama Tabora, imesimama Ujiji, imesimama Bagamoyo, nayo ni kumbukumbu ya njia ile. Hatusemi ikatwe, Mungu apishe mbali. Mgeni aliyekaa karne moja na nusu, akawapa watu kivuli na watoto matunda, amekwisha kuwa mwenyeji. Lakini mti wa mgeni humpa ndege mahali pa kutua, naye chakula cha makinda huenda kukitafuta kwingine. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo letu, nasi twaomba msomaji atuvumilie tukiifungua kidogo.

Ndege wengi wadogo, hata wale tuwajuao kuwa ni walaji wa mbegu, kama shomoro na mnana, wakilea huwalisha makinda wadudu, na hasa viwavi laini. Kinda hawezi kukua kwa punje kavu, kama vile mtoto mchanga hawezi kukua kwa mahindi ya kuchoma. Chozi naye, afyonzaye utamu wa maua, huwakamatia watoto wake buibui na wadudu. Sasa kiwavi hali kila jani. Kila mti huyalinda majani yake kwa ukali na uchungu wake, na kila jamii ya viwavi imezoea ukali wa miti fulani tangu zama ambazo Muumba peke yake azijua. Mtundu, muyombo, mninga, mkora, mlama na mkole ina viwavi wake. Mkaratusi ulitoka Australia, mjohoro na mwarobaini ilitoka Asia, jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini. Viwavi wao walibaki kwao, na viwavi wetu hawaijui. Ndiyo maana bwana shamba huisifu miti hiyo kwamba haishambuliwi na wadudu. Ni kweli haishambuliwi. Lakini kwa mama wa ndege, mti usio na mdudu ni kama duka zuri lenye rafu tupu.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika bustani za nyumba za watu kandokando ya mji wa Washington. Walimfuata ndege mmoja mdogo mla viwavi, ambaye huhitaji kubeba maelfu ya viwavi hadi makinda wake waruke. Waliona kwamba penye bustani ambamo miti na vichaka vya asili vilikuwa angalau sehemu 70 katika mia, ndege yule alizaa watoto wa kutosha kujaza nafasi ya wanaokufa. Mimea ya kigeni ilipozidi, waliozaliwa hawakutosha. Bustani zile zote zilikuwa za kijani, zote zilipendeza kwa macho ya mpita njia.

Mji waweza basi kuwa na miti mingi na bado ukawa na njaa. Tabora imezungukwa na nchi ya miyombo, na jina hilo la watu wa nchi hizi limeingia katika vitabu vya wataalamu wa ulimwengu mzima. Mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi ni kavu kama kigae na mvua bado, miyombo huchipua majani mapya, mengine mekundu kama shaba, mengine ya rangi ya mvinyo. Majani hayo machanga ndiyo meza ya viwavi, na viwavi ndio meza ya makinda yajayo pamoja na mvua. Mama Kanisa ametuwekea katika siku hizo hizo Majira ya Uumbaji, toka tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba. Walioipanga kalenda hiyo hawakuwa wakiifikiria Tabora, lakini Mungu huenda aliifikiria.

Meza hiyo imepunguzwa sana. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilileta matrekta makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea kung'oa misitu ili ilimwe karanga. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 36 zimepotea, na karanga ziliyeyuka kama ndoto. Urambo, palipo katika njia ile ile ya kwenda Ujiji, ikageukia tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Mkaa wa kupikia mijini nao hutoka miyomboni. Hatuwalaumu wakulima wala wachoma mkaa, kwa kuwa nao wana watoto. Twataja tu ili ijulikane kwamba ndege aliyefukuzwa shambani na msituni hana pa kwenda ila uwanjani petu.

Na uwanjani petu akuta nini? Akuta ufagio.

Hapa twaomba ruhusa ya mama zetu, maana twagusa heshima yao. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mama ashika ufagio na kufagia uwanja mpaka mchanga ubaki na mistari kama kitambaa kilichofumwa. Uwanja mweupe ni sifa ya nyumba. Msichana hufundishwa hivyo, na mkwe hupimwa kwa hilo. Wala si mapambo tu. Nyoka hujificha majanini, na mama aliyepoteza mtoto kwa fira hahitaji mahubiri juu ya uzuri wa vichaka. Bwana afya naye apita akihimiza nyasi zikatwe karibu na nyumba, na ana haki. Mtu akiwaambia watu wa mji wa Tabora waache nyumba zao zimezwe na pori kwa ajili ya chozi na shore, tutakuwa wa kwanza kumpinga.

Lakini uwanja si mlango tu. Kuna mbele ya nyumba, na kuna nyuma ya jiko. Kuna njia ya kwenda chooni, na kuna pembe ile ya mbali penye ua, ambapo hakuna apitaye ila kuku. Pembe hiyo nayo hufyekwa kila mwaka kwa mazoea, kwa panga lile lile, wala mfyekaji hajui kwa nini. Kati ya pembe hiyo na mlango uache mchanga uliofagiliwa, mpana wa kutosha mtu kumwona nyoka akipita. Usirundike mawe wala taka pale, kwa kuwa panya ndiye amwitaye nyoka. Na wale waogopao mbu wakumbuke kwamba mbu huzaliwa majini. Ingawa hupumzika kivulini, kopo la maji lililosahauliwa nyuma ya nyumba lazaa mbu ambao kichaka hakiwezi kuwazaa.

Mtakatifu Fransisko alilijua jambo hili la pembe. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, atueleza kwamba mtakatifu alimwagiza ndugu mtunza bustani asipande mboga kila mahali, bali aache sehemu ya bustani ambamo majani na maua ya mwituni yataota yenyewe, ili atakayeyaona amkumbuke Muumba wao. Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha desturi hiyo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Na kabla ya hao wote, Sheria ya Musa iliwaagiza Waisraeli wasivune hadi pembe za mashamba yao. Mwaka wa saba waliagizwa waiache ardhi ipumzike, ili maskini wapate kula, na watakachokisaza wale wanyama wa mwituni. Tazameni vizuri ni nani na nani wamewekwa katika agizo moja: maskini na mnyama wa porini. Tumesikia Wakristu wema wakisema kwamba ni aibu kuhubiri ndege wakati watu wana njaa. Musa hakuona wawili hao wakigombana. Katika pembe ile ile isiyovunwa aliwaona wote wawili wakila.

Na kwa kweli Unyamwezini hula wote wawili. Asali ya Tabora yatoka katika maua ya miyombo. Uyoga ambao akina mama huupanga kando ya barabara wakati wa mvua huzaliwa na ukungu unaoshikamana na mizizi ya miti hiyo hiyo. Mbula, mtalali, mfuru na mtonga ni matunda ya watoto kabla hayajawa matunda ya ndege.

Kuna neno la pili la kupinga, nalo latoka kwa wakulima: kwelea kwelea. Kundi moja laweza kumaliza shamba la mpunga au la mtama kabla ya saa sita mchana, na mkulima aliyeshinda juani akipiga debe hatutaki kumcheka. Lakini kwelea kwelea si ndege wa kichaka cha nyuma ya jiko. Huruka kwa makundi makubwa na kujenga kwa makundi makubwa. Kumhukumu kila mwenye mabawa kwa kosa lake ni hukumu ya jirani mwenye hasira. China walifanya hivyo. Mwaka 1958 serikali iliwaamuru watu wawaue shomoro kwa kuwa walikula nafaka. Watu wakapiga ngoma na masufuria mchana kutwa, ndege wakakosa pa kutua, wakaanguka wamekufa kwa uchovu. Wadudu waharibifu waliongezeka mashambani bila mtu wa kuwala. Mwaka 1960 shomoro waliondolewa katika orodha ya maadui na kunguni wakaandikwa mahali pao. Kipindi hicho njaa kubwa iliikumba nchi ile. Ilikuwa na sababu nyingi, na hii ilikuwa mojawapo.

Twauliza sasa kama kilichofyekwa chaweza kurudi. Hatuhitaji kwenda mbali. Jirani zetu wa Shinyanga wamekwisha kujibu. Nchi yao ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kumfukuza mbung'o, kisha kwa pamba na mifugo, hata ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Mwanzoni walihimiza vitalu na miti ya kigeni, na mengi hayakufaulu. Ndipo wakakumbuka desturi ya kale ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kuzuia eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Hawakupanda sana, waliacha. Visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya vumbi ikachipua. Mwaka ule 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kupita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Waliokwenda kuchunguza walikuta humo zaidi ya aina mia moja za ndege. Kazi hiyo ilifanywa na jamaa za kawaida na mabaraza ya vijiji, watu waliokubaliana tu kwamba hapa hatukati.

Hiyo ni shamba. Mjini twaweza kuitazama Nairobi. Msitu wa Karura, karibu hekta elfu moja ndani ya jiji, ulikuwa ukigawanywa kwa wajenzi, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi kutoka damu kwa kwenda kupanda mti pale. Mama huyu alisomeshwa na masista Wakonsolata huko Nyeri, na masista wa Loreto huko Limuru, na Wabenedikti huko Kansas. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Msitu haukujengwa. Tangu hapo watu wa kujitolea, wazee kwa vijana, wamekuwa wakishirikiana na wenye kuusimamia kung'oa lantana na kurudisha miti ya asili mahali pa mikaratusi ya zamani. Na ng'ambo ya bahari, huko Sydney, watu walipofungua bustani zao zikawa majani mafupi na miti mirefu tu, ndege wakali wakubwa waliwafukuza wadogo. Sasa majirani hupanda tena vichaka vya kwao vilivyosongamana, ili wadogo wapate pa kujificha. Sisi twaielewa habari hiyo kwa sababu ya kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akaenea pwani yote, naye hula mayai na makinda. Kindege hawezi kupigana na kunguru. Lakini mwiba waweza kupigana kwa niaba yake.

Haya, kazi yenyewe. Twawaandikia hasa Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA, vijana wa shule, na watoto wa Utoto Mtakatifu, si wa Tabora peke yao.

La kwanza ni kuweka panga chini. Kabla ya kununua mche wowote, itazameni pembe mliyoichagua kama ina visiki. Mtundu na muyombo ni vigumu sana kuhamisha. Mche wake uking'olewa msituni huachana na ukungu ule wa mizizi tulioutaja, na mara nyingi hufa. Mbegu yake huota upesi, kisha hukaa miaka juu ya ardhi ikiwa fupi kama kidole huku mzizi ukishuka chini, na asiyejua huikanyaga. Lakini kisiki chenye uhai huchipua chenyewe. Chagueni machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine mpunguze, basi. Pasipo na visiki, otesheni mninga na mkora kwa mbegu, na mkole na mlama pembeni, na shubiri mbele kwa ajili ya chozi. Simamisheni pia tawi kavu refu katikati. Shore na wenzake, wakisha kula matunda kwingine, watatua juu yake na kudondosha mbegu. Ni wapanda miti wasiodai posho.

La pili ni mbuzi. Kila mwaka katika nchi yetu miti hupandwa kwa hotuba na picha, na juma lifuatalo mbuzi wa mtu fulani huja kufanya mkutano wake mwenyewe. Ua wa matawi ya miiba hauna gharama, nao wafaa kuliko kibao chenye jina la mgeni rasmi.

La tatu ni manati. Wavulana wetu si wakatili. Wana macho makali na siku ndefu, wala hakuna aliyewapa kazi ya macho hayo. Katika Kumbukumbu la Torati imekatazwa kumchukua mama ndege pamoja na makinda yake, na mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza aweza kulielewa katazo hilo vizuri kuliko maneno yetu marefu. Katekista amwambie akahesabu: pembe ya kigango ina viota vingapi, mama huleta chakula mara ngapi kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana. Mtoto aliyekwisha kuhesabu hapigi tena.

Limebaki neno moja ambalo si tamu, nalo latuhusu sisi tulio karibu na altare. Mzaburi aliimba juu ya ndege aliyepata nyumba na kiota karibu na altare za Bwana. Leo angezunguka baadhi ya viwanja vya makanisa yetu angepata taabu. Mapadre wa zamani walipanda mikaratusi na misonobari kwa sababu walihitaji mbao na kuni, nasi twawashukuru. Lakini tumeona parokia, hatutazitaja, ambazo kichaka cha mwisho nyuma ya sakristia kiliondolewa ili pawekwe matofali ya saruji kwa ajili ya magari ya Jumapili moja kwa mwaka. Pakapandwa ua la plastiki mbele ya Bikira Maria. Gazeti hili limewahi kuzisifu kazi za namna hiyo kwa jina la maendeleo, nasi hatuna budi kukiri. Kabla ya kumwomba mjane atoe pembe ya uwanja wake wa hatua kumi, parokia yenye eka kadhaa itoe yake kwanza, tena ipimwe mbele ya watu na kuandikwa katika kitabu cha parokia, ili paroko mpya ajapo na mawazo yake mapya aikute imeandikwa.

Mwaka wa kwanza hakutakuwa na cha kumwonyesha mgeni. Patakuwa na majani yasiyo na mpango, na jirani atauliza kama mwenye nyumba amesafiri. Mwaka wa pili machipukizi yatafika kiunoni, na buibui watafunga nyuzi zao. Hizo nyuzi chozi huzichukua kushonea kiota chake. Baadaye, penye mwiba mnene, huenda vikaja vile vindege vya buluu ambavyo Tabora yote yavifahamu, vidogo kuliko ngumi ya mtoto, viokotavyo mbegu za majani mchangani kwa jozi. Hivyo vina desturi ya kujenga jirani na kiota cha nyigu, kwa kuwa nyigu ni mlinzi mzuri kuliko mbwa. Ikitokea hivyo, mama asichome nyigu wale kwa kijinga cha moto. Ufagio wa miezi hiyo upite mbali kidogo, hatua nne au tano, mpaka makinda waruke.